HDL baada ya mshtuko wa moyo: bado tuiite "lehemu nzuri"?

Mleta mada
Wakuu, mgonjwa katoka wodini baada ya mshtuko wa moyo, karatasi ya maabara inasoma HDL (chembe za damu zinazorudisha kolesteroli, yaani lehemu, kwenye ini) 1.6 mmol/L, anaambiwa: "Lehemu yako nzuri iko juu, una kinga." Naomba kauli hii tuiache. Kipimo kile kinahesabu kolesteroli iliyomo ndani ya HDL, basi. Ni sawa na kuhesabu mikokoteni ya taka mtaani bila kuangalia ipi ina magurudumu.

HDL hutegemea protini yake kuu, ApoA-I, kupokea kolesteroli kutoka kwenye makrofaji (seli za kinga) zilizojaa mafuta ukutani mwa mshipa, kupitia mlango uitwao ABCA1, ili ifike kwenye ini. Moyo ukijeruhiwa, ini humwaga protini za dharura. Mojawapo, amiloidi A, hujibandika kwenye HDL na kuing'oa ApoA-I. Papo hapo seli nyeupe hutoa kimeng'enya cha mieloperoksidezi, kinachozalisha asidi ya jamii ya dawa ya kung'arishia nguo, nayo huibabua ApoA-I iliyobaki. Mlango upo, mzigo upo, mpokeaji hana mikono. Hata paraoksonezi, kimeng'enya cha HDL kinachoilinda LDL (ile "lehemu mbaya") isioksidike, hupungua.

Mtu wa Maabara
Mkuu, kemia hiyo sina ubishi nayo. Ubishi wangu ni huu: unajuaje mshtuko ndio ulioharibu? Utafiti wa Dallas uliochapishwa 2014 uliwafuatilia watu wasio na ugonjwa wa moyo. Wale ambao HDL yao ilikuwa dhaifu kunyonya kolesteroli ndio waliougua zaidi baadaye, hata kiwango cha HDL kilipozingatiwa. Basi udhaifu mwingine hutangulia. Na kuupima kunataka makrofaji hai zilizolishwa kolesteroli yenye alama, ziwekewe majimaji ya damu ya mgonjwa kwa saa kadhaa, ndipo upime kilichotoka. Hospitali gani itafanya hivyo kila siku? Ukimnyang'anya daktari namba, unampa nini?

Mfamasia
Dawa zimeshajibu sehemu ya swali. Torcetrapib ilipandisha HDL sana, ikasimamishwa 2006 kwa sababu vifo viliongezeka. Dalcetrapib walipewa zaidi ya wagonjwa 15,000 waliotoka kuugua moyo. HDL ikapanda kwa karibu theluthi, matukio ya moyo na kiharusi hayakupungua (2012). Ila mleta mada, hata hoja yako ya utendaji, kwamba kazi ya HDL ndiyo muhimu kuliko kiasi chake, imeyumba. CSL112 ni ApoA-I yenyewe, gramu 6 kwa mshipa mara moja kwa wiki, wiki 4. Matokeo ya 2024, wagonjwa zaidi ya 18,000: ndani ya siku 90 waliopata matukio hayo ni 4.8% ya waliopewa dawa dhidi ya 5.2% ya waliopewa dawa bandia. Kitakwimu, tofauti hiyo haikuthibitika.

Muuguzi wa Kliniki
Tusiitupe namba. HDL chini ya 1.0 kwa mwanaume au 1.3 kwa mwanamke bado ni ishara ya kuuliza habari za sigara, kisukari na trigliseridi (mafuta mengine ya damu). Kinachoumiza ni neno "kinga". Mgonjwa akilisikia, anaona atorvastatin, dawa yake ya kushusha LDL, haina kazi tena, anaiacha.

Mleta mada
Mfamasia, hapo nakubali: kujua HDL imeharibika si sawa na kujua namna ya kuitibu. Mtu wa Maabara, mpe daktari LDL. Ipimwe ndani ya saa 24 za kwanza, maana baadaye LDL na HDL hushuka zenyewe kwa muda na kudanganya. Irudiwe wiki 4 hadi 6 baada ya kuanza dawa. Lengo ni chini ya 1.4 mmol/L na kushuka angalau nusu. Mstari wa HDL uandikwe "chini" au "si chini". Neno "nzuri" lifutwe.

Mtu wa Maabara
Kulifuta naunga mkono. Namba ibaki, kwa sababu maabara nyingi hukokotoa hiyo LDL: jumla ya kolesteroli, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5 mmol/L hesabu hiyo haifai, LDL ipimwe moja kwa moja.