Tupeane uzoefu: umeme tuli, radi au tetemeko ulilokutana nalo mwenyewe

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia. Wanafunzi wangu maelezo wanayakariri vizuri, ila ukiwauliza "wewe umeyaona wapi?" darasa zima kimya. Naomba visa vyenu niwasomee.

Naanza mimi. Nilikuwa kidato cha kwanza, taa zimeshazimwa, navua sweta la nailoni. Likalia tatata, na cheche ndogo za buluu zikarukaruka juu ya shati. Nikalivaa tena, nikalivua tena, sikuchoka. Nguo mbili zilikuwa zimesuguana, elektroni (chembe ndogo zenye chaji hasi) zikahama kutoka moja kwenda nyingine. Iliyopokea ikawa na chaji hasi, iliyopoteza ikabaki na chaji chanya. Zilipoachana, elektroni zikaruka hewani kurudi. Tafadhali wanafunzi: protoni (chembe zenye chaji chanya) hazihami! Kila mtihani nasahihisha kosa hili, na inaniuma kwa sababu mtoto anakuwa ameelewa mengine yote.

Mchangiaji wa 1
Mimi ni radi. Tulikuwa mazoezini uwanjani, mvua bado haijaanza, nikaona vinyweleo vya mkono vimesimama wima. Kocha alipiga filimbi mara moja tu, tukakimbilia ndani ya jengo. Hatujakaa sawa, ikapiga mlingoti wa goli. Mwanga na mlio vilikuja pamoja, maana yake ilikuwa palepale.

Tangu siku hiyo nahesabu. Sauti hutumia takriban sekunde 3 kwa kilomita 1, kwa hiyo mwanga ukitangulia ngurumo kwa sekunde 9, radi ipo kilomita 3 hivi. Zikiwa chini ya 30, naingia ndani, na sitoki mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti msijikinge kabisa.

Mchangiaji wa 2
Tetemeko, nikiwa ghorofa ya tatu. Ulianza mshtuko mfupi kama lori zito limepita, maji kwenye glasi yakafanya viduara. Nikajua yameisha. Baada ya sekunde chache kitanda kikaanza kuyumba huku na huku, nikaingia chini ya meza na kuushika mguu wake.

Mleta mada
@Mchangiaji wa 2 asante sana, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta! Mshtuko wa kwanza ni mawimbi ya P, yana mwendo mkali zaidi. Yaliyokuyumbisha ni ya S, yanakuja nyuma. Kadiri pengo kati yao linavyokuwa refu, ndivyo kitovu (mahali tetemeko lilipotokea) kilivyo mbali. Ukiwa na vipimo vya vituo 3 vya kupimia matetemeko, unachora duara kukizunguka kila kituo kwa umbali wake hadi kitovu; duara tatu zinapokutana ndipo kilipo.

Mchangiaji wa 3
Mwalimu, tetemeko la ukubwa wa 6 linalizidi la ukubwa wa 5 kidogo tu?

Mleta mada
Hapana. Mtikisiko unaoandikwa na mashine ni mkubwa mara 10, na nishati ni kama mara 32. Aliyewahi kuiona kinga radi ikifanya kazi aje, kisa hicho bado sina.