Dogo anamaliza ditoksi keshokutwa na hataki kusikia habari ya rehab, nifanyeje?

kaka_mtu
Wakuu habari za mda huu. Mdogo wangu ni wa unga mwaka wa sita sasa, safari hii kakubali mwenyewe kulazwa atoe sumu, leo siku ya saba, arosto imepungua, anakula, hata utani anarusha. Keshokutwa anaruhusiwa na shida ndo inaanzia hapo, nikigusia kuendelea na matibabu anakuwa mbogo, "bro mi nishapona, niende rehab kukaa na mateja nifanye nini". Mama nae yuko upande wake, anataka arudi nyumbani apumzike kwanza wiki mbili. Mwaka jana tulifanya hivyohivyo, siku nne hakumaliza. Nishaurini, matusi pelekeni nyuzi zingine.

nesi_wa_zamu
Mkuu hizo wiki mbili za mama ndo za kuogopa kuliko zote. Mwili wake umeshasahau unga, kile kipimo alichozoea mwezi jana akikigusa leo kinaweza kumkata pumzi. Wengi wanaofia njiani baada ya ditoksi au jela hawakuzidisha, walitumia kilekile cha zamani. Mwambie mama hivyohivyo bila kumung'unya. Na kabla hajatoka muulizeni daktari habari ya dawa za kutuliza arosto na hamu ya unga, methadoni au buprenofini, kama inamfaa aanzishiwe taratibu akiwa hapohapo. Mwisho ombeni naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na unga, mkae nayo ndani.

mbishi_halisi
Methadoni si unga mwingine tu wa serikali? Mnamtoa shimo hili mnamtia lile.

nesi_wa_zamu
@mbishi_halisi ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2005, pamoja na buprenofini. Anakunywa mara moja kwa siku, kipimo kikikaa sawa hapati stimu, inamtulizia arosto na ile hamu, mtu anaenda kazini kwake. Kama huo ni ulevi basi sawa.

teja_mstaafu
Mi nimepita huko. Ditoksi nimefanya tano, ya tano ndo ikashika, na sio kwamba safari hiyo nilikuwa na moyo zaidi, hapana, mara nne za kwanza nilipewa kikaratasi chenye namba ya simu naambiwa nenda Jumatatu. Ukitoka Ijumaa una unga kichwani, Jumatatu haifiki. Ya tano alikuja jamaa wa soba (nyumba wanakokaa walioacha unga), nae katumia zamani, tukapiga stori siku mbili kabla sijatoka, siku yenyewe akanisubiri mlangoni na begi akabeba yeye. Sikupata hata nusu saa ya kuwa peke yangu.

Kwa hiyo bro usimtajie miezi sita, mwambie tukapaone, kaa siku tatu halafu tuongee. Na akisema kapona usibishane, muulize tu usiku analalaje. Usingizi unachelewa sana kurudi, wiki na wiki, mi ulishaniangusha mara mbili, saa tisa usiku macho kodo miguu inacheza yenyewe.

mama_wawili
Pigeni simu LEO kuuliza kama kitanda kipo, sisi tulifika na mabegi tukaambiwa subirini siku kumi. Mume wangu yake ilikuwa pombe, na wenye watu wa pombe msijaribu kumkatisha ghafla nyumbani, wangu alipata degedege siku ya pili tukakimbizana hospitali.

kaka_mtu
Mrejesho wakuu. Kitanda kipo. Nimepata jamaa wa soba, kaenda kuonana na dogo leo, mi nikatolewa nje, walikaa kama saa nzima. Kakubali siku tatu, kasema chakula kikiwa kibovu anaondoka, nikamwambia poa. Daktari anaongea nae kesho kuhusu buprenofini. Mama alilia kwanza, hakutaka hata kusikia neno kufa, saa hizi anauliza hiyo naloksoni ya kupuliza puani inashikwaje. @nesi_wa_zamu mwelekeze hapa, nampa simu.