Fildi za Palm OS zimenitia hasara, hivi hii handeli ni ya nani?

Wakuu mnisamehe, leo naandika na hasira. Nina Palm IIIxe ya mjomba, ile kompyuta ndogo ya mkononi ya zamani ya betri mbili za AAA, inayoendeshwa na Palm OS, nikaifufua nikamtengenezea mama daftari la madeni ya genge lake, kwa lugha ya programu ya C. Kazi ndogo tu, jina, kiasi, na fildi moja (kisanduku cha kuandikia) ya maelezo. Hiyo fildi moja ndo imenila wiki mbili.

Hivi aliyepanga FldSetTextHandle, ile amri ya kuipa fildi maandishi, alikuwa anawaza nini? Ukiipa fildi handeli mpya (kishikio cha kipande cha kumbukumbu chenye maandishi), ile ya zamani haifuti, inaitelekeza tu kwenye kumbukumbu, kwa hiyo lazima wewe mwenyewe uichukue kwanza kwa FldGetTextHandle, uweke mpya, uite FldDrawField (maana hata kujichora haijichori), halafu ndo umalizane na ile ya zamani kwa MemHandleFree. Haya, nikajifunza. Ila bagi yenyewe, yaani kosa la kusahau kufuta ya zamani, huioni ukiwa unajaribu, kwa sababu ukitoka kwenye programu sistimu inafagia ulichoacha. Sasa mama hatoki! Anafungua asubuhi anashinda humo humo, kuzima na kuwasha hakumtoi, na kumbukumbu ya kazi ni KB 256 tu, tena unagawana na sistimu.

Cha kunitoa machozi hiki hapa. Nikajifanya mjanja, badala ya kunakili maelezo nikaipa fildi handeli ya rekodi yenyewe toka kwenye databezi, mama aandike mle mle. Aisee, fomu ikifungwa fildi INAFUTA handeli iliyoishika, haiulizi!! Yaani ile niliyotaka ifute imeiacha, hii isiyoihusu ndo inaondoka nayo, kama mpangaji anayehama na mabati ya mwenye nyumba. Kwenye orodha rekodi unaiona, ukiigusa ndani takataka au Fatal Exception (mashine inagoma kabisa), unaanza kutafuta pini uchokonoe tundu la riseti.

Na dawa ni mstari mmoja, FldSetTextHandle(fld, NULL), yaani kuiachisha fildi ile handeli, kabla fomu haijafungwa. Mmoja! Mifano yote niliyonakili haina huo mstari, na msije hapa kuniambia "ungesoma maelekezo", nimeshayasoma, nimeyasoma baada ya msiba.

Rekodi zilizokwenda ni tatu. Moja ya fundi cherehani, na jana kamwambia mama kwa kujiamini kabisa kwamba yeye hadaiwi hata mia.