Askari wangu wamepauka: msaada wa visanamu vya vita vya Tanga 1914

Fundi_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Tanga, na tangu mwaka jana nimeshikwa na ugonjwa wa visanamu vya kivita, vile vya milimita 28 unavyovipanga mezani na kurusha dadu. Shemeji yangu anaishi Uingereza, alipokuja likizo akaniletea boksi mbili za askari wa Kiingereza wa plastiki, kofia za jua vichwani. Nikasema hawa nitawageuza, nipange meza ya vita vya Tanga vya Novemba 1914. Kila Jumapili nafika Ras Kazone, kulekule Waingereza waliposhukia kuja kumshambulia Mjerumani aliyetawala hapa, halafu nyumbani nisiwe na askari hata mmoja wa vita hivyo? Haiwezekani.

Vifaa si shida. Meza yangu ya kazi ina taa ya lenzi, vibano vya ncha kali, nyembe za kila aina na drili ya mkono yenye ncha ya nusu milimita. Shida ni mbili.

Ya kwanza, ngozi. Nilianza na kahawia iliyokoza, ikakaa vizuri kabisa. Nikaangalia video, jamaa anasema sehemu zinazopigwa na mwanga, yaani pua, mashavu na vifundo vya vidole, chukua rangi ileile uongeze nyeupe. Nikaongeza. Jamani! Askari wote wamepauka kama watoto waliotoka kuogelea baharini wakakosa mafuta ya kupaka. Nimemwonyesha mke wangu mmoja, akaniuliza, "Huyu anaumwa?"

Ya pili, kofia. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki, kitambaa kikishuka nyuma kukinga shingo, na nembo ya tai mbele. Hawa wangu wana kofia za jua zenye ukingo pande zote. Nikajaribu kulainisha moja kwa ile mashine ya hewa ya moto ninayong'olea vipuri vya simu. Niliweka nyuzi mia tu! Sekunde chache, uso ukamtiririka mpaka kifuani. Marehemu yuko kwenye droo. Baada ya hapo nikaamua kukata vichwa, nimeshakata kumi na vinne, na sasa sijui niviweke nini.

Mpango wangu ni boksi moja liwe la askari wa Mjerumani, la pili askari wa Keya, yaani King's African Rifles, Waafrika wa jeshi la Mwingereza, wapambane. Mwenye ujuzi anisaidie.

Mzenji_Leicester

Shekhe, asalaam aleikum. Pole kwa msiba wa droo. Moto na plastiki hii havipatani, weka mashine yako mbali.

Na kukata kichwa kizima hakukuwa na haja. Unakata ukingo wa kofia tu, unapitisha msasa juu mpaka utosi uwe bapa, halafu tarbushi unaijenga hapo kwa puti. Hivyo vilivyokwisha kukatwa usivitupe. Toboa shingo, toboa kichwa, tia kipande cha klipu ya karatasi katikati na tone la supaglu. Tena hapo una faida, unaweza kumgeuza uso atazame pembeni. Kikosi ambacho kila mtu anatazama mbele kinafanana na foleni ya benki.

Puti mimi natumia ile ya vipande viwili, buluu na njano, unakanda mpaka iwe kijani. Kama huko haipatikani, epoksi ya mafundi bomba inafaa, ila inakauka upesi, kwa hiyo kanda kiasi cha punje moja ya maharage kila mara. Chovya kifaa chako kwenye maji isije ikanata. Tarbushi isizidi milimita tatu kwenda juu. Ukizidisha umepata mpishi wa hoteli.

Kitambaa cha shingoni usikifinyange, kitakuwa kinene kama gome. Chukua karatasi ya chooni, tenganisha upate tabaka moja, kata umbo la ulimi, loweka kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji, kisha bandika. Mikunjo vuta kwa ncha ya sindano kabla hakijakauka. Nembo ya tai nayo usijisumbue kuichonga. Weka doa jeusi, juu yake doa dogo zaidi la rangi ya fedha, na macho yatajaza yaliyobaki.

Jambo ambalo hukuuliza ni bunduki. Hao wako wameshika Lee-Enfield, ile yenye kisanduku cha risasi kinachochomoza mbele ya kifyatulio. Askari wengi wa Mjerumani mwaka 1914 bado walikuwa na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi mzito. Kampuni nyingine zilikwisha kupata ile ya 1898, lakini hata hiyo haina kisanduku kinachochomoza. Kwa hiyo kikwangue kwa wembe, polepole. Hapa klabuni kwetu kuna mzee anayeinama kutazama bunduki kabla hajakusalimia.

Bi_Vipodozi

Mimi haya mambo yenu siyachezi. Mume wangu ndiye kanisomea hii habari ya kupauka, nikacheka mpaka nikamwamsha mtoto. Kazi yangu ni kupamba maharusi, miaka kumi na moja sasa, na kosa ulilolifanya ndilo la kila mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza.

Kaka yangu, ngozi nyeusi haing'ai kwa nyeupe. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia inaleta kijivu, na kijivu ndiyo mpauko wenyewe. Bibi harusi nikitaka mashavu yake yashike mwanga naenda kwenye wekundu, dhahabu, chungwa. Wewe fanya hivyohivyo. Chini weka kahawia uliyoikoleza na buluu kidogo sana, si nyeusi tupu. Juu yake kahawia yenye wekundu, rangi ya udongo wa barabara ya Lushoto mvua ikinyesha. Mwisho ichanganye hiyo ya pili na chungwa au manjano ya haradali, uguse palipoinuka tu: daraja la pua, mfupa wa shavu, kidevu, juu ya sikio. Mdomo wa chini uwe na wekundu kidogo, na viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono, hilo watu wengi husahau. Jicho nalo usiweke nyeupe ya karatasi, atakuwa kama kaona jini. Tumia rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

Halafu usiwapake wote rangi moja. Mume wangu anasema walikuwemo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na Wasudani tangu jeshi hilo lianzishwe. Mimi kwenye harusi moja tu, kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, nafungua kopo nne.

Kijana_wa_Kariokor

Niaje wakuu. Nawasoma kutoka Nairobi. Fundi, hapo kwa Keya ngoja kwanza kabla hujafungua rangi.

Tanga 1914 Keya hawakushuka. Jenerali Aitken, mkuu wa jeshi la Mwingereza, aliambiwa awachukue hao Keya wanaoijua nchi, akakataa, akaona watu wake kutoka India wanatosha. Alikuja na watu kama elfu nane, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na kama elfu moja, wengi wao akiwaleta kwa treni kutoka Moshi. Waliopigana upande wa Mwingereza ni Rajput, Wagurkha wa Kashmir, Palamcottah na wengineo, pamoja na batalioni moja ya Wazungu, Loyal North Lancashire. Na hao Lancashire, bro, walivaa kofia za jua. Zilezile ulizokata.

Keya waweke kwa meza nyingine, vita vya Mahiwa 1917 kwa mfano, hapo watakufaa sana. Ukiwafanya, wengi wapake miguu peku. Ukitaka kuona mavazi yao kwa karibu panda basi uende Dar, ile sanamu ya Askari ya 1927, ama uje huku kwetu Kenyatta Avenue tuko na watatu, mmoja wao mbeba mizigo. Hao wabebaji pia usiwaache. Mimi nimekulia Kariokor na wewe unapajua Kariakoo, majina yote mawili yametoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Mwingereza, lakini nikiangalia meza za watu kwa mtandao naona bunduki tupu na hakuna wa kubeba chakula. Mbeba mizigo ni rahisi kumgeuza: toa bunduki, inua mikono, weka kiberiti cha puti kichwani.

Na usisahau mizinga.

Fundi_Ngamiani

Mizinga ipi tena ndugu yangu? Ya nyuki au ya makombora? Maana Tanga ilikuwepo yote.

Kijana_wa_Kariokor

Ya nyuki bana! Si nyuki waliwavamia askari katikati ya vita? Ya makombora iko kwa meli, na meli haiwezi kutoshea kwa meza yako.

Fundi_Ngamiani

Nimerudi, ni wiki mbili sasa.

Kwanza naomba nilie kidogo. Vichwa kumi na vinne, na kila kimoja kilikuwa Mlancashire halali kama kilivyotoka kiwandani! Nimevirudisha tisa kwa klipu za karatasi kama alivyosema shekhe wa Leicester, na kweli wamependeza, mmoja anatazama nyuma kama kasikia jina lake. Vitano vilishaharibika juu, nimevifunga vilemba vya karatasi ya chooni, sasa ni Rajput. Boksi la pili lote ndilo la Mjerumani. Keya watasubiri shemeji aje tena.

Bi Vipodozi, Mungu akubariki. Nilipaka mmoja usiku, asubuhi nikamweka dirishani nikaita watu. Ule wekundu chini ya chungwa unafanya shavu liwe na damu. Nimetengeneza rangi tatu tofauti kwenye vifuniko vya soda na kuwagawia bila mpangilio. Mke wangu kamchukua mmoja, kasema anafanana na mjomba wake wa Pangani, na hajamrudisha mpaka leo.

Tarbushi tano za mwanzo ni za wapishi. Nimezikata upya.

Chini ya miguu yao nimeweka kitu kisichouzwa kwenye duka lolote la visanamu: katani. Nyuzi zimejaa huku kwetu. Unakata milimita tatu nne, unasimamisha kwenye gundi nyeupe, inakuwa nyasi kavu ya Novemba kabla mvua hazijakolea. Mizinga nimeikata kwenye kijiti cha mwarobaini, sentimita mbili na nusu kila mmoja, nimeitundika kwa uzi kwenye miti. Sasa nyuki wenyewe ndio wamenishinda. Nimejaribu pilipili manga, kila punje inaonekana kama kunguru.

Mzenji_Leicester

Majani ya chai, yale ya unga kabisa yanayobaki chini ya pakiti. Chambua unyuzi mmoja wa hiyo katani yako mpaka uwe kama unywele, upitishe kwenye gundi, uuburuze juu ya chai, uache ukauke ukiwa umepinda. Ikifika nyuzi sita saba, zifunge pamoja kwenye mdomo wa mzinga.

Bi_Vipodozi

Na huyo mjomba wa Pangani mwache kwa mkeo. Pakeni mwingine.