Nyota tano za Benzi zinamlinda nani kwenye barabara ya malori? Tujadili

Mwalimu wa Ipogolo
Habari zenu wakuu. Mimi na baba watoto tunataka kubadili gari. Tunakaa Iringa, ukweni ni Tukuyu, kwa hiyo kila likizo tuko kwenye lami ileile: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala hadi Uyole. Yamebaki magari mawili, Mercedes C-Class ya 2011 na Crown Athlete ya 2010. Baba watoto hataki kusikia habari za Crown, kwa sababu Euro NCAP, wale wanaogongesha magari Ulaya kupima usalama, waliipa C-Class hiyo nyota tano mwaka 2009. Nauliza: nyota zile zinatulinda kweli kwenye barabara ya malori, au tunanunua jina? Wanijibu wanaoendesha njia hii, madalali wakae pembeni. Na nataka gari ambalo halijaguswa, maana yaliyopita kwa mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, ni puti tupu ya kuzibia mabonde, ukiligonga kidogo linabomoka kama biskuti.

Kijana wa Soweto
Shemeji yuko sahihi, dada. Benzi hawakuanza usalama jana. Hizi bodi zinazojikunja mbele na nyuma ili chumba cha abiria kibaki kizima ni kazi ya Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes, na gari la kwanza kutoka kiwandani likiwa hivyo ni W111 ya mwaka 1959. Crown ni gari la kijana anayetaka aonekane pale Kabwe Ijumaa jioni. Kwa familia hapana. Hebu niambieni, Crown Athlete ina nyota ngapi za Euro NCAP? Hata moja haina.

Mzee wa Mafinga
Kamwene. Kijana, mimi nina wajukuu na naendesha Crown, na hiyo Kabwe yako Ijumaa jioni sina shida nayo. Chunga ulimi. Crown haina nyota za Euro NCAP kwa sababu haikuuzwa Ulaya. Kutopimwa si kufeli. Wajapani wana mpango wao, JNCAP, wanagongesha magari tangu 1995, na ule mtihani wa kugonga ukuta mbele nzima wanaufanya kwa kilomita 55 kwa saa. Hiyo Benzi yako nayo Wamarekani waliigonga ikaaibika, 2010 au hapo karibu. Hilo hamlisemi.

Kijana wa Soweto
Shikamoo mzee. Lakini "2010 au hapo karibu" si ushahidi. Wamarekani gani, waliigonga wapi, kwa mwendo gani?

Mhandisi wa Iyunga
Ni Agosti 2012. Taasisi inaitwa IIHS, inagharamiwa na kampuni za bima za Marekani. Jaribio la Euro NCAP ambalo C-Class ilifanya lilikuwa hivi: gari linakwenda kilomita 64 kwa saa, linagonga kizuizi kinachobonyea kwa asilimia 40 ya upana wake wa mbele. IIHS wakaja na jipya. Mwendo uleule wa 64, ila kinachogonga ni asilimia 25 tu, upande wa dereva, na kizuizi ni kigumu. Hapo zile chesisi mbili za mbele zinazomeza kishindo zinakwepwa. Kinachopokea ni tairi na nguzo ya mlango.

Walianza na magari 11 ya kifahari ya saizi ya kati. Volvo S60 na Acura TL yakapata daraja la juu. BMW 3 Series likapata daraja la pili kutoka chini. C-Class, Audi A4, Lexus IS na Lexus ES yakaangukia daraja la mwisho. Kwenye C-Class tairi lilirudi nyuma mpaka mguu wa kulia wa sanamu lililokalishwa kama dereva ukabanwa chini ya pedali ya breki.

Sasa mfikirieni mtu anayeovateki pale Igawa. Anaona taa za lori, anakata kurudi kushoto, anachelewa kidogo. Anagongwa kona, upande wake yeye dereva. Gari ni lilelile, Ulaya lina nyota tano, Marekani liko daraja la mwisho, na hakuna aliyedanganya. Walipima vishindo viwili tofauti. Mwalimu, kwa kuovateki kwetu, ule wa Marekani ndio unaotuhusu zaidi.

Mzee wa Mafinga
Asante mhandisi. Kijana, umesoma?

Kijana wa Soweto
Nimesoma, na nimesoma pia Lexus IS na ES kwenye orodha hiyohiyo. Lexus ni ya nani mzee? Toyota. Na Lexus IS ya miaka ile imejengwa kwenye msingi mmoja na Crown Athlete.

Mzee wa Mafinga
Msingi mmoja si nyumba moja. Na kama tunazungumza historia, mkanda wa pointi tatu ni wa Nils Bohlin wa Volvo, mwaka uleule 1959 unaojivunia, na Volvo wakawaachia watengenezaji wote wautumie. Huo ndio umeokoa watu wengi, siyo beji yenu ya pembe tatu.

Fundi Bodi Mwanjelwa
Nimesoma mpaka "puti tupu" nikaweka spana chini. Mwalimu, kwa heshima yako, umetukana watu wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo. Magari mengi tunayonyoosha hapa yanatoka huko kwenu, yamegongwa Ipogolo, yamegongwa Nyang'oro, bei za huko zimewashinda. Mteja ana bima ndogo, mfukoni ana hela ya rangi tu. Namwambia tuagize mbele nzima iliyokatwa kutoka Dar. Ananijibu, "Fundi, ziba lisionekane, naliuza." Huyo ndiye umwandike hapa.

Mwalimu wa Ipogolo
Fundi, sikutaja jina la mtu. Gari letu la mwisho tuliapiwa halijaguswa. Baba watoto alichukua sumaku ya spika, akaifunga kitambaa, akaipitisha ubavuni. Mlango wa mbele ikashika. Mlango wa nyuma ikateleza mpaka chini. Tulipokwangua tukakuta puti unene wa kidole, na chini yake bati limekunjamana vilevile, hakuna aliyejaribu hata kulivuta. Kazi ile ilifanyika Mbeya, gereji sitaitaja. Nimeumia na nina haki ya kusema.

Mnyalu Mtoro
Puti ni puti hata Iringa. Pale Ipogolo kuna jamaa wanapaka rangi jua likizama ili mteja asione mawimbi. Msitusingizie sisi wa Mbeya.

Fundi Bodi Mwanjelwa
Pole mwalimu, hilo la mlango nakubali ni kazi mbaya. Ila puti ya mlangoni ni aibu ya macho. Usiogope sana huko. Ogopa usichokiona.

Fungua boneti, chungulia kushoto na kulia chini ya taa mpaka kwenye ukuta wa injini. Zile mbao mbili za chuma ndizo chesisi alizosema mhandisi. Kiwandani zimechomelewa kwa vidoti vya duara, vimepangana kwa mstari. Ukikuta mstari mrefu wa kuchomelea umevimba, au rangi nyeusi imepigwa kwa brashi pale tu, ujue zilikatwa zikaungwa. Chuma cha magari haya ni kigumu cha kisasa. Ukikipasha gesi mpaka kiwe chekundu ili kinyooke, ugumu wake unakwisha. Kwa macho kimenyooka. Siku ya kugongwa hakijikunji pale mhandisi wa kiwanda alipopanga kijikunje. Hapo nyota zako tano zilishabaki gesini.

Na eabegi. Zikishalipuka, seti mpya na kompyuta yake ni hela nyingi, kwa hiyo wapo wanaofunga kifuniko cha usukani kikavu, ndani hakuna kitu. Taa ya dashibodi wanaidanganya kwa kirezista kidogo, au wanaunga waya wake kwenye taa nyingine ziwake na kuzima pamoja. Geuza swichi bila kuwasha injini. Ile taa ya mtu mwenye duara kifuani lazima iwake sekunde kadhaa, halafu izime YENYEWE, injini ikiwa bado haijawaka. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa. Ikizima sawia na taa ya oili pale unapowasha injini, imeungwa. Mimi kazi hiyo nimeikataa mara nyingi, na wateja wamenihama kwa sababu hiyo. Ndiyo maana "puti tupu" imenichoma.

Suka wa Tunduma
Nami nina langu. Kila mtu hapa anaandika "barabara ya malori" kana kwamba malori yamewafuata nyumbani kwenu. TANZAM ilijengwa ili mzigo wa Zambia upate njia baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru 1965. Ninyi ndio mmetukuta. Semi yangu ikijaa ni tani 56 za kisheria, na mwendo wangu wa kisheria ni 80. Nashuka Kitonga na gia ndogo ili breki zisichemke, nyuma kuna Crown na Benzi zinanipigia honi, halafu moja inachomoka konani. Iwe na nyota tano, iwe na kumi, tani 56 hazisomi beji.

Mhandisi wa Iyunga
Suka kasema jambo ambalo watu wengi wa nyota hawalijui. Mtihani wa mbele ni kama kugongana na gari la uzito unaokaribiana na lako, ndiyo maana hata Euro NCAP hawataki ulinganishe nyota za gari dogo na za gari zito. Lori halimo kwenye mtihani. Na nguvu ya kishindo inapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 64 kwenda 120 si mara mbili, ni mara tatu na nusu.

Mzee wa Mafinga
Suka, usijitoe kabisa. Sisi wa Mafinga tulikuwepo Machi 2015 pale Changarawe, kontena lilipoliangukia basi. Watu zaidi ya 40.

Suka wa Tunduma
Mzee wangu, usiniletee Changarawe. Madereva nao tulilia. Kila kontena ninalobeba nafunga loki zote nne kwa mkono wangu, simtumi utingo. Usiniwekee maiti zile begani kwa kuwa tu naendesha lori.

Mama Parachichi, Njombe
Hakuna aliyekuwekea, kaka. Lakini mnaegesha! Lori limeharibika usiku Igurusi, ukungu umeshuka, alama ni tawi la mkaratusi barabarani, na tela halina hata kipande cha rifulekta. Nilisimama mita chache kutoka kwenye tela la namna hiyo, na chuma cha kuzuia kule nyuma kilikuwa kimekatwa. Gari dogo likiingia uvunguni mwa tela, bampa inapita chini, kinachofika kwanza ni kioo na vichwa vyetu. Hapo eabegi ina kazi gani?

Suka wa Tunduma
Tawi ni kosa, nakubali. Triango zipo, na wengine wanaziuza njiani. Chuma cha nyuma kikikatwa wa kuulizwa ni tajiri, siyo dereva.

Nesi wa Zamu
Nafanya kazi na majeruhi wa barabara hii, mahali sitapasema. Kwenye majaribio yote mnayobishania, kila sanamu IMEFUNGWA MKANDA, za watoto ziko kwenye viti vyao. Nyota zinatolewa hapo. Kwetu analetwa mama wa siti ya mbele hana kosa, kajifunga, kavunjwa na mtu wa siti ya nyuma ambaye hakujifunga, karuka na goti lake. Mwalimu, huko nyuma mnakaa wangapi?

Kijana wa Soweto
Tumetoka nje ya mada. Swali ni Benzi au Crown. Mzee hajajibu la Lexus.

Mzee wa Mafinga
Nilijibu. Nawe jibu la Takata. Eabegi zile zilizokuwa zinarusha vipande vya chuma zikilipuka, kwa sababu baruti yake ya amonia naitreti inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka. Mnadhani ni za Toyota na Honda tu? C-Class za miaka hiyo nazo ziliitwa kurudishwa Marekani.

Mhandisi wa Iyunga
Kweli, Mercedes nao walikuwemo. Kampuni yenyewe ya Takata ilifilisika Juni 2017. Yoyote kati ya haya mawili, namba ya chesisi iulizwe kwanza kwa mtengenezaji kama eabegi ilishabadilishwa. Gari la mtumba linaweza kuja huku na ileile ya zamani.

Mwalimu wa Ipogolo
Nesi, nyuma tunakaa watoto watatu, na tukitoka Tukuyu tunampakia na bibi. Mkanda wa nyuma kusema kweli sijawahi kuuona kwenye gari lolote tulilomiliki.

Nesi wa Zamu
Basi mko wanne kwenye mikanda mitatu. Bibi apande basi, na akae kwenye siti yenye mkanda.

Fundi Bodi Mwanjelwa
Mkanda upo, umefukiwa chini ya kava la siti. Karibu kila gari linaloingia hapa vifungio viko chini ya kava, vimejaa maganda ya karanga. Ukienda kuliona gari, toa kava. Vuta mkanda kwa kushtua, lazima ugome. Ukivutika wote, au ukikwama nje usirudi, ulishafanya kazi kwenye ajali. Halafu uvute mpaka mwisho, chini kabisa kuna lebo yenye tarehe. Gari la 2011 lenye mkanda wa 2016, muulize muuzaji ule wa kwanza ulikwenda wapi.

Mwalimu wa Ipogolo
Nimempigia dalali sasa hivi. Anasema kava halitolewi mpaka nilipe nusu.

Suka wa Tunduma
Ondoka hapo, mwalimu.

Fundi Bodi Mwanjelwa
Ni lipi hilo, Benzi au Crown?

Mwalimu wa Ipogolo
Benzi. Baba watoto kanuna, anasema tumemharibia. Ya Crown tunaiona Jumamosi hapo Mbeya. Fundi, kama hujanikasirikia bado, utatuangalizia hizo chesisi?

Fundi Bodi Mwanjelwa
Nitaangalia. Njooni asubuhi gari likiwa limepoa, na dalali asijue mnakuja kwangu.