Mjadala: Je, chambo cha nafaka kwa kanga na kwale kiendelee kukatazwa?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, naleta swali ambalo katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba huzungumzwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa anayeliuliza huonekana kana kwamba anajitetea. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ya Tanzania, inapotaja njia haramu za kuwinda, inaweka chambo katika orodha moja na sumu, nyavu, mitego, matanzi, mashimo na baruti, na asiyekuwa na idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori haruhusiwi kutumia hata kimoja. Kwa hiyo mwenye leseni ya ndege na bunduki iliyosajiliwa, akimwaga debe la mtama chini ya mgunga akawangoja kanga, amevunja sheria. Huku nyuma, katika vitalu vya uwindaji wa kitalii, paja la pundamilia au la kiboko hutundikwa mtini kwa ajili ya simba na chui, na mgeni hukaa kwenye kificho akisubiri. Mwanakijiji anayeliona hilo huuliza kwa nini chambo cha mgeni kiitwe utaratibu na chake kiitwe ujangili.

Swali hilo ni la haki, na halistahili kujibiwa kwa vitisho. Hata hivyo, nimelitafakari kwa muda mrefu na msimamo wangu ni kwamba katazo libaki kwa ndege, kwa sababu chambo hufanya kazi mbili zinazopingana. Kwa simba, nyama iliyotundikwa humsimamisha mnyama mahali pamoja, ili mwindaji na msindikizaji wake wapate muda wa kutazama manyoya ya shingo, rangi ya pua na makovu ya uso kabla ya kuamua, maana kanuni zetu zinataka dume aliyetimiza miaka 6. Chambo hapo humsaidia mtu kuchagua na, la muhimu zaidi, kuacha.

Kwa kanga hakuna anayechagua. Wakati wa mvua kanga hutawanyika wawili wawili kwa ajili ya kutaga, lakini kiangazi kinapokaza hujikusanya makundi makubwa, nao hulazimika kufika majini. Mwaga nafaka wakati huo, na kundi zima litakuja na kuinamisha vichwa mahali pamoja. Mlio mmoja wa bunduki ya marisau hauui ndege mmoja tu, na waliojeruhiwa hurukia vichakani wakafie huko bila kuhesabiwa na yeyote. Leseni inayotaja idadi ya ndege haina nguvu yoyote mbele ya hali hiyo, hata kama aliyeishika ni mtu mwadilifu.

Tena lipo jambo linaloniumiza zaidi. Askari anayekuta punje zimemwagwa porini hawezi kwa macho kutofautisha nafaka safi na iliyolowekwa dawa. Huko Bunyala, katika mashamba ya mpunga ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, wawindaji wamekuwa wakitia kabofurani, dawa kali ya kuua wadudu inayojulikana madukani kama Furadan, ndani ya mchele na konokono, ili kuwaua njiwa, mabata na makorongo, kisha nyama hiyo huuzwa kwa watu. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa katika soko la Kenya, baada ya habari za simba waliouawa kwa sumu hiyo kuenea duniani. Mlaji wa nyama ya ndege wale hakuulizwa kama anakubali.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini umezungumza kama mtu asiyelima. Kanga hufukua mbegu zangu za mahindi kabla hazijaota, na baada ya mavuno punje zilizoanguka huwaita wenyewe hadi mlangoni. Je, shamba langu ni chambo? Na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao kiangazi huvizia wanyama kwenye vificho kando ya maji, nao tuwaambie kwamba maji ni chambo? Sheria isiyotenganisha mambo haya humwachia askari aamue anavyotaka, na anayeumia ni yule asiye na wakili.

Mleta mada:

Hapo umenishika, na nakubali kwamba neno moja tupu, chambo, halitoshi. Wamarekani walikataza kuwinda bata wahamao kwa nafaka iliyomwagwa tangu 1935, na kanuni yao imefika mbali kuliko yetu kwa maelezo: punje zilizoanguka kutokana na kupanda au kuvuna kwa kawaida si kosa kwa anayewinda njiwa, ilhali zilizoletwa na kumwagwa makusudi ni kosa, na eneo huhesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 baada ya punje ya mwisho kuondolewa. Ningependa kanuni zetu ziseme hivyo waziwazi, ili mkulima anayewinda kwa leseni katika mabua ya shamba lake asiogope, na aliyebeba gunia la mtama hadi porini asipate pa kujificha.

Kuhusu maji sina ubishi nawe: kisima cha asili hakikuletwa na mwindaji, na uvumilivu wa Mhadzabe anayekesha na upinde wake haufanani hata kidogo na debe la nafaka. Ninaloshikilia ni kwamba sumu itolewe katika orodha hiyo na kuwekewa kifungu chake peke yake chenye adhabu nzito kuliko zote, kwa sababu leo, katika maneno ya sheria, aliyemwaga mtama na aliyeulowesha kwa kabofurani wanasomwa katika mstari mmoja.