Uwanja wetu wa zamani unafukuliwa: tuokoe nini kabla greda halijaingia?

Kibendera cha Kona:
Wakuu, habari za majukumu. Uwanja wa mpira wa kata yetu, pembezoni mwa jiji la Mbeya, unafukuliwa wiki mbili zijazo, panajengwa soko. Tunaupenda mno, hatutaki uondoke hivihivi. Mtendaji wa kata ametupa barua ya kuchukua nyasi na nguzo za magoli. Nyasi ni ukoka, nguzo ni mkaratusi. Tuchukueje ukoka usife na baridi hii ya Julai? Nguzo tukikata visahani, kila mchezaji wa zamani apate kimoja, itafaa? Na soko likishasimama, tutajuaje nukta ya katikati ilikuwa wapi?

Mtunza Majani:
Pole sana mkuu, uwanja ni kama mtu wa nyumbani. Rangi ya kahawia isiwatishe: ukoka hulala wakati wa baridi, uhai uko kwenye vifundo chini ya udongo.

Msichukue langoni, pale udongo umeshindiliwa na mizizi ni michache. Chukueni pembeni, nyuma ya mstari. Jioni ya kuamkia siku ya kazi mwagilieni ndoo moja ya lita 10 kwa kila mita ya mraba. Asubuhi kateni kwa panga miraba ya sentimita 30 kwa 30, kisha koleo lipite limelala, kina cha sentimita 5. Mkikata chini ya 3 mnaacha mizizi; mkizidisha 7 kipande kinavunjika kwa uzito wake. Mraba mmoja wenye maji una kama kilo 7 au 8, kwa hiyo pikipiki isibebeshwe rundo.

Pangeni majani kwa majani, udongo kwa udongo, visizidi vinne kwenda juu, ndani ya gunia la katani lililolowa. Mfuko wa plastiki juani unapika nyasi, na zikishakuwa njano na kutoa harufu hazirudi.

Pandeni siku hiyohiyo au kesho yake. Tifueni sentimita 15, mwagilieni, lazeni, kanyageni kwa miguu mpaka pasiwe na upenyo wa hewa chini. Maji kila asubuhi kwa wiki mbili. Jioni hapana, maana sehemu za juu umande unaganda. Kivulini ukoka haukai, tafuteni penye jua karibu siku nzima.

Wekeni na akiba: marando ya sentimita 15 yenye vifundo vitatu, viwili vikae chini ya udongo, kwenye ndoo iliyotobolewa. Haya mnaweza kuyatoa hata kwenye nukta ya katikati yenyewe. Mvua za Novemba zikianza, hamishieni bustanini kwa nafasi ya sentimita 25. Chambueni ndago kwanza, vile vitunguu vyake vyeusi vidogo. Na mabaki msitupe kwenye shamba la mahindi, mtajuta kwa miaka.

Seremala wa Mafinga:
Visahani vya mkaratusi vitapasuka kama kipande cha keki. Mti unaponywea, mzunguko wa nje hunywea zaidi kuliko upande wa kwenda kwenye kiini, lazima upasuke. Pasueni mbao kwa urefu, unene wa sentimita 3, kisha kateni vipande. Ng'oeni misumari ya nyavu kwanza, na sehemu iliyokuwa ardhini iacheni, mara nyingi imeoza au imelowa oili chafu.

Futikamba:
Swali la nukta ndilo watu husahau. Atlanta, Marekani, uwanja wa besiboli ulibomolewa 1997 ukawa maegesho, lakini pale mpira wa mchezaji Hank Aaron wa homu rani (pigo linalovusha mpira nje ya uzio) ya 715 ulipovuka uzio mwaka 1974 palibaki na alama. Aliyesimama pale anajua amesimama wapi.

Nukta ipateni kwa kamba mbili kutoka kona hadi kona, zinapokutana ndipo. Kisha pimeni umbali wake hadi vitu vitatu visivyohama. Viwili vinatosha kuchora, cha tatu ni cha kukagua kosa. Visiwe kwenye mstari mmoja na nukta. Futikamba ivutwe ikaze na ilale sawa: mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 unaongeza sentimita 5. GPS ya simu msiitegemee, inaweza kukosea mita kadhaa. Alama ya penalti haihitaji kazi hiyo, ni mita 11 kutoka mstari wa goli, pimeni tu mahali nguzo za goli ziliposimama.

Kibendera cha Kona:
Asanteni sana. Tuna kalvati la barabarani, bikoni ya mpaka na nguzo ya umeme.

Futikamba:
Nguzo ya umeme iondoe kwenye orodha, soko likija inaweza kuhamishwa. Kuna kanisa au shule jirani? Tumia kona ya msingi wa jengo, na vipimo viandikwe nakala tatu.